Sabuni Alilipa Alawiya, Sifa Akapata Rahima

"Nusu ya friza hii ni yangu!" alisema Alawiya.

"Nusu ipi?" Bi Rahima akamjibu. "Ya juu au ya chini? Sema, tumwite fundi aje na msumeno."

Watu wakacheka. Na watu walikuwa wengi, kwa sababu hakuna aliyeweza kupita. Friza ilikuwa mpya, nyeupe, pana. Uchochoro wa mtaa wetu ni mwembamba. Mahamali waliibeba kutoka gatini mpaka karibu na mlango wa Bi Rahima, na hapo ikakwama kati ya kuta mbili. Nyuma yake alisimama punda aliyebeba mchanga, amenuna. Nyuma ya punda walisimama wanawake waliotoka sokoni, nao hawakuwa na haraka yoyote. Ugomvi ulikuwa mtamu.

Alawiya na Bi Rahima ni majirani, ukuta kwa ukuta. Bi Rahima ana duka. Alawiya hufua mashuka ya nyumba za wageni za Shela. Mumewe, Taha, ni mpishi huko huko Shela. Kazi ya kufua ilipokua, Alawiya aliandikisha kampuni, akaiita Shuka Safi. Cheti chake alikitia kwenye fremu, akakitundika juu ya televisheni. Akaona mambo ya kampuni yamekwisha.

Sabuni ya magunia hutoka ng'ambo, Mokowe, kwenye ghala la Bwana Jeilani, auzaye kila kitu. Bwana Jeilani hutoa mali kwanza, ukalipa baadaye, lakini kwa mtu anayemjua tu. Duka la Bi Rahima alilijua tangu likiwa la babake. Kwa hiyo Alawiya alifanya kama tunavyofanya wengi hapa kisiwani Amu. Alipiga simu ghalani akasema, "Niandikie kwa jina la Bi Rahima." Bi Rahima alikubali. Alawiya alilipa kwa simu ya Taha, na kila mara alilipa mapema.

Basi kabla ya ugomvi hamali mmoja, huku anajifuta jasho, alikuwa amesema hivi: "Bi Rahima, Bwana Jeilani asema hongera. Katika wateja wake wa sabuni hakuna alipaye kama wewe. Ndiyo maana friza amekupa bila maswali, utalipa polepole."

Alawiya alikuwa ametoka mlangoni na mapovu mikononi, akasikia. Asubuhi ile ile, hoteli mpya ya Shela ilimwambia inataka Shuka Safi ifue mashuka yake msimu mzima. Hoteli hulipa mwisho wa mwezi, lakini sabuni yatakiwa mwanzo wa mwezi. Alimpigia simu Bwana Jeilani akaomba magunia kwa jina la kampuni. Jibu lilikuwa fupi: "Shuka Safi? Siijui." Bila sabuni, kazi ya hoteli ingekwenda kwa mwingine.

"Hanijui mimi niliyemlipa mwaka mzima!" Alawiya alipaza sauti. "Wewe akujua kwa pesa zangu!"

"Sabuni yako, jina langu," alisema Bi Rahima. "Nilikukataza kuandikisha lako? Fungua mato uone, mwanamke. Na uondoke ndiani, friza ipite."

Hapo akashuka Bi Gakii. Bi Gakii anatoka Meru, amepanga ghorofa ya juu kwa Alawiya, na anafanya kazi katika sacco, chama cha akiba na mikopo. Alijaribu kupita kushoto, akajaribu kulia. Mwisho aliketi kwenye baraza ya mlangoni, mkoba mapajani.

"Kazini nimechelewa tayari," alisema. "Alawiya, dada, kaa hapa. Bwana Jeilani hajakudhulumu. Yeye huandika anachokiona. Ameona Rahima amechukua sabuni, Rahima amelipa."

"Lakini aliyelipa ni nani?"

"Ni wewe."

"Na sifa ni ya nani?"

"Ni ya Rahima."

Alawiya alimtazama kama mtu aliyeambiwa kisima chake kimehamia nyumba ya pili. "Bi Gakii, rudia. Polepole."

"Mwenye mali akikuamini, anaamini lile jina lililoandikwa. Na kampuni yako ina jina lake. Mbele ya sheria, kampuni ni mtu wa kando. Si wewe, si Taha. Inaweza kuchukua mali kwa jina lake na kulipa kwa jina lake. Lakini mpaka leo haijachukua hata kipande cha sabuni. Nani ataijua?"

Taha akatoa kichwa dirishani. "Kampuni ni mtu? Mbona hajawahi kula hapa kwetu?"

"Hajala, lakini pesa zake mnazila," alisema Bi Gakii. "Malipo ya mashuka huingia wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Na mchele hununuliwa kwa pesa gani?"

Taha akarudisha kichwa ndani.

"Mimi sijaelewa," alisema Alawiya. "Halafu mambo ya mikopo mimi siyataki. Riba ni haramu."

"Sikukwambia uchukue riba. Gunia la Bwana Jeilani ukilipa leo ni bei gani? Na ukilipa mwisho wa mwezi?"

"Bei ni moja."

"Basi hayo ni maaminiano ya mali. Kila muuzaji muulize hivyo kabla hujachukua. Muulize pia, nikichelewa natozwa nini? Akikutajia nyongeza, nenda kwa shehe wako kabla hujatia sahihi. Hata benki, zipo zenye huduma isiyo na riba. Ni kuuliza."

"Kwa hiyo nianze wapi?"

"Anza kwa kukishusha kile cheti ukutani. Kampuni iwe na namba yake ya ushuru. Ifungulie akaunti benki kwa jina lake, na namba ya tili, ya kupokea na kulipa kwa simu, kwa jina lake. Hoteli zilipe humo. Wewe jilipe mshahara kutoka humo, halafu mshahara huo uule utakavyo. Kisha mwombe Bwana Jeilani mali kidogo tu, kwa jina la Shuka Safi. Ulipe siku mliyopatana au kabla. Kidogo kikilipwa vizuri, kingi kitafuata."

"Na benki itanijua?"

"Kuna ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Watu huziita CRB. Benki hupeleka habari huko. Ghala kama la Bwana Jeilani huenda halipeleki, muulize. Kama halipeleki, baadaye utamwomba barua ya kusema kwamba Shuka Safi hulipa vizuri. Barua hiyo utaweza kuionyesha kwa muuzaji mwingine, au benki."

Alawiya alishika kichwa kwa mikono yenye mapovu. "Kuna mtu, ni kampuni, hali chakula, halali usingizi, na mimi nimtafutie jina zuri mtaani."

"Umeelewa zaidi ya unavyodhani," alisema Bi Gakii.

Friza ikasukumwa, ikaingia. Tangu siku hiyo Alawiya na Bi Rahima hawakusemezana.

Alawiya alifanya kama alivyoambiwa. Taha naye akaanza mzaha. Kila Ijumaa, wakitandika mkeka, aliweka sahani moja ya ziada. "Ya kampuni," alisema. "Tusije tukashtakiwa kwa kumnyima chakula."

Bwana Jeilani alikubali kutoa magunia machache. "Nikiona malipo, utapata mzigo wa hoteli," alisema.

Siku ya kulipa haijafika, Alawiya alikuwa na pesa tayari kwenye tili. Lakini simu yake haikuwa na chaji, naye aliona kulipa mapema ni heri. Taha akalipa kwa simu yake, kama zamani. Alawiya alilala kwa furaha.

Kesho yake alipiga simu kuagiza mzigo mkubwa. Karani wa ghala akamwambia, "Shuka Safi haijalipa kitu."

"Nimelipa jana!"

"Kwetu haionekani, Bi. Na siku ya kulipa ni leo."

Alawiya alipanda ngazi mbio mpaka kwa Bi Gakii. Alitaka kulia, alitaka kucheka, hakujua lipi. Wageni wa hoteli walikuwa njiani, na mashuka yalikuwa yakimngoja yeye.

"Alituma nani?" aliuliza Bi Gakii.

"Taha."

"Na namba ya Taha, pale ghalani, wanaijua kuwa inamlipia nani?"

Alawiya akasema kwa sauti ndogo, "Bi Rahima."

"Karani ameona namba ya zamani, akaandika kwa jina la zamani. Kampuni ilipe kutoka tili yake, dada. Kila mara. Hata kama simu ya Taha iko karibu na yako iko mbali."

"Sasa pesa zimepunguza deni la friza yake! Na hatusemezani!"

Bi Rahima naye alikuwa amepata ujumbe: "Deni lako limepungua. Ahsante." Alikuwa hajalipa kitu. Aliusoma mara nyingi dukani, akajua ni pesa za nani. Angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza?

Lakini mchana huo duka lilifungwa. Mtaa mzima ulishangaa, kwa maana Bi Rahima hafungi duka hata akiumwa. Alivaa buibui, akavuka kwenda Mokowe. Yaliyosemwa ghalani tuliyapata kwa wale mahamali, nao hawapunguzi neno, huongeza.

"Pesa hizi si zangu," alimwambia Bwana Jeilani. "Ni za Shuka Safi. Na zile za sabuni za mwaka mzima hazikuwa zangu. Alilipa Alawiya, kwa jina langu."

Bwana Jeilani aliweka miwani mezani. "Bi Rahima, nilikuamini kwa mali nyingi kwa sababu ya sabuni ile. Nikiitoa, nitakupunguzia mali ninayokupa bila pesa mkononi."

"Punguza."

"Na friza?"

"Friza nitailipa kwa kuuza barafu. Lakini yule mpe mzigo wake. Mashuka ya watu hayangoji."

Karani akayarekebisha malipo. Mzigo ukaja, na kwenye kila gunia limeandikwa jina la Shuka Safi. Hamali aliuliza, "Mwenye kampuni nani? Nitilie sahihi." Alawiya alitia sahihi. Alisahau hata kumuuliza nani alimtetea. Mahamali walimwambia, bila kuulizwa.

Msimu ulikwenda vizuri. Mashuka ya hoteli yalianikwa juu ya mapaa mpaka mtaa ukang'aa. Hoteli ililipa kwenye akaunti ya kampuni, na kampuni ikalilipa ghala kutoka tili yake. Bwana Jeilani akaongeza mali. Mwisho wa msimu aliandika barua kwamba Shuka Safi hulipa kwa wakati, na kwa barua hiyo muuzaji wa mashine za kufulia akakubali kutoa mashine, ilipwe kidogo kidogo, bei ileile.

Mashine ikaletwa siku ya Ijumaa, baada ya sala. Na wapi ikakwama? Pale pale, mbele ya mlango wa Bi Rahima. Punda akasimama, wanawake wakasimama. Kila mtu alingoja ugomvi.

Bi Rahima alitoka, barafu mkononi. Aliitazama mashine. "Ndia yetu hii," alisema. "Haya, nusu yangu ni ipi? Ya juu au ya chini?"

Watu wakaangua kicheko. Alawiya hakucheka. Alimwendea, akasimama kizingitini pake, mahali ambapo hakuwa amesimama tangu siku ya friza.

"Wamekupunguzia mali kwa ajili yangu," alisema.

"Wataongeza," alisema Bi Rahima. "Sasa nalipa mwenyewe, kwa jina langu, sabuni zangu za vipande. Ila mimi mpaka leo sielewi, kampuni yaweza vipi kuwa mtu?"

"Wallahi, hata mimi kuna siku huelewa na kuna siku sielewi."

Kutoka dirishani Taha akaita kwamba wali unapoa, na Bi Gakii ameshaketi, na samaki ni wa nazi, na mkekani sahani ya kampuni iko tupu kama Ijumaa zote.

Alawiya aliichukua ile barafu mkononi mwa Bi Rahima, akamshika mkono.

"Yule hali," alisema. "Ingia wewe, ule."