Chenga za Tempura

Kila Jumapili mchana, katika nyumba ya mbao ya Bibi Fusae mjini Marugame, Japani, chakula kilikuwa tambi na tempura: viazi vitamu na kamba waliochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Bibi alichota chenga za unga zilizoelea kwenye mafuta, akazitandaza kwenye sinia mpaka zipoe, ndipo akazihifadhi za kunyunyizia tambi.

Mjukuu wake Wakana, mwenye miaka kumi na miwili, aliuona huo ni uzee tu. Wakana alijua kila kitu. Alijua kuliko mwalimu, kuliko mama yake, na bila shaka kuliko kikongwe anayeogopa makombo. Jumapili moja Bibi alimwachia jiko kwa mara ya kwanza. Akifanya vizuri, angekaanga kwenye banda la sherehe ya mtaa. Bingwa wetu alikwisha kulitangazia darasa zima.

"Chenga uzitandaze, mjukuu wangu. Usizirundike zikiwa za moto," Bibi alisema, akaenda kwa jirani kumenya matunda ya kukausha.

"Sawa, Bibi." Wakana akamkonyeza rafiki yake Chizuru. "Umesikia? Eti chenga zitaning'ata!"

Kusema kweli, alikaanga vizuri. Akazima jiko, akafunga na gesi. Lakini chenga zote alizirundika kwenye bakuli la bati lililotandikwa karatasi, akalisukuma chini ya pazia la dirisha. Sinia la nini, aje kuliosha bure?

Wakahamia sebuleni, wakala, wakacheza karata.

"Mbona kunanuka kuungua?" Chizuru akauliza.

"Pua yako hiyo! Jiko nimezima mwenyewe."

Moshi ulipopenya mlangoni, Wakana alikimbilia jikoni. Bakuli lilikuwa linawaka na pazia limeshika. Yule mjuzi wa kila kitu akabaki ameduwaa. Chizuru ndiye aliyemvuta nje akipiga kelele, "Bibi! Moto!"

Bibi alifika mbio. Akalinyofoa pazia, akalitosa kwenye karo lenye maji, kisha akalifunika bakuli kwa mfuniko wa sufuria mpaka moto ukafa.

"Lakini jiko nilizima, Bibi!" Wakana alilia.

"Jiko ulizima. Moto uliuacha kwenye bakuli. Chenga zikirundikana, joto hukosa pa kutokea, likapanda mpaka zikawaka zenyewe."

Mdharau mwiba mguu huota tende, na wa Wakana ulivimba mbele ya mtaa mzima. Siku ya sherehe hakukaribia mafuta. Alisimama nyuma ya banda na sinia lake, akitandaza chenga.

"Mpishi mkuu, ndiyo kazi yako hiyo?" mwenzake wa darasani alimcheka. "Si urundike tu umalize?"

"Toa mkono wako hapo!" Wakana alifoka, masikio yamemwiva kwa aibu. "Bado za moto!"

Bibi hakugeuka kutoka kwenye karai. "Sasa ndiyo umeanza kupika," alisema. "Kuwasha moto kila mjinga anajua. Mpishi ni yule asiyeupa mgongo mpaka ahakikishe umekufa."