Harufu Kwenye Taya la Dokoro

"Fungua mdomo."

"Nimeshiba."

"Askari anashibaje kabla hajalishwa? Nani amekulisha, Dokoro?"

Dokoro akarudisha kichwa nyuma, mataya yake yakagonga ukuta wa lango. Mataya yale yaliweza kumkata siafu vipande viwili, lakini kuokota punje ya chakula hayakuweza. Ndivyo walivyo askari wote wa mchwa wa kichuguu cha Tereko. Wameumbwa wapigane, na kula wanalishwa mdomo kwa mdomo na vibarua kama Sirisi. Mayai ni kazi ya Malkia peke yake. Sisi wengine mapenzi yetu yako mdomoni, na mwenye kubisha hajawahi kulishwa na anayempenda.

Sirisi na Dokoro walikuwa wameapiana mdomo mmoja. Yeye halishi askari mwingine, naye Dokoro hapokei tonge la mwingine. Kisha zamu ya Sirisi ya kujivua gamba ikafika, akalala chumbani kama maiti, na alipoamka na gamba jipya, laini bado, alikwenda moja kwa moja langoni kwa mumewe. Tangu hapo mambo hayakuwa mambo.

"Hakuna aliyenilisha," Dokoro alisema. "Sina hamu tu."

Sirisi akanyoosha papasi zake za kunusia, zikatua kwenye taya la kushoto. Ilikuwepo. Harufu ya kike, tulivu, ya mbao mbichi na uyoga mchanga. Hakuwahi kuinusa maishani mwake. Roho ikamchoma.

"Na hii?"

Dokoro akalivuta taya pembeni upesi, na upesi ule ndio uliomuumiza Sirisi kuliko harufu yenyewe.

"Usiiguse."

"Harufu ya mwanamke kwenye taya la mume wangu, nisiiguse?"

"Sirisi, nakuomba. Iache."

Aliondoka bila kuaga, maana angebaki angeng'ata mtu.

Huko kwenye bustani ya uyoga alimkuta shoga yake Titiri akitafuna mbao na kuzitema kwa mafungu. Titiri alikuwa kibarua mwenye mdomo mwepesi kwa kazi na kwa umbeya pia.

"Dokoro ameshakupaka bega?" Titiri aliuliza kabla ya salamu.

"Bado."

"Bado? Hebu nishike." Alimpapasa bega, akaguna. "Shoga, limeshaanza kuwa gumu. Kiapo cha zamani umekivua pamoja na gamba. Asipokupaka utomvu wa paji lake kabla bega halijakauka, utahesabiwa huna mtu, na asiye na mtu anapelekwa chini kwa Malkia kulea watoto. Huko askari hatii mguu. Ndiyo mmeachana hivyo."

"Unadhani silijui hilo?"

"Basi ana mtu. Ulipolala nani alikuwa anamlisha?"

"Mweruzi. Walimpangia zamu."

"Zamu," Titiri alicheka. "Zamu imevunja ndoa nyingi kuliko siafu."

Sirisi hakungoja zaidi. Aliinamisha kichwa akagonga ukutani, na kwa kuwa ukuta hauna siri, kichuguu kizima kilipata ujumbe wake:

"MWERUZI. NJOO BUSTANI YA JUU AU NIKUFUATE."

Jibu likaja, taratibu, la mtu asiye na presha:

"KAMA NI HABARI YA MUME, NINA WANGU. NAKUJA."

Vibarua waliacha kutafuna. Mweruzi alifika na tumbo lililojaa chakula cha askari wa lango zima, akasimama mbele ya Sirisi bila woga.

"Ninuse," alisema. "Shingo, mdomo, popote. Sitaki maneno ya pembeni."

Sirisi alimnusa kote, hata kwenye viungo vya miguu. Alinuka udongo wa kisimani na uyoga uliokomaa. Haikuwa harufu ile.

"Si wewe."

"Mbona umenywea? Ulitaka niwe mimi?"

"Ningekuwa nimeshapata wa kumng'ata," Sirisi alisema. "Kila mwanamke anayepita nimemsalimia ili nimnuse. Simpati."

Mweruzi akalegea kidogo. Wivu ni ugonjwa ambao kila mmoja pale alishaugua.

"Twende kwa mumeo. Mimi nazunguka vyumba vyote, hakuna kibarua nisiyemjua kwa harufu. Nikimjua, nakutajia."

Dokoro alipozisikia hatua za watu wawili zikija aliinua mataya, kisha akayashusha. Mweruzi alilipapasa taya la kushoto. Akaanza kucheka, halafu akaona haya kucheka.

"Bibi, tangu uwe mtu mzima, hii ni mara yako ya kwanza kujivua gamba?"

"Ndiyo. Inahusu nini?"

"Hakuna anayejinusa. Mimi sijui nanukaje, nawe hukujua ulinukaje. Ukijivua gamba, harufu yako inabaki nje, wewe unapata nyingine. Hii tunaijua sote. Ni ya Sirisi. Ni wewe, kabla hujalala."

Sirisi akalipapasa tena taya lile, polepole.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mweruzi alisema akigeuka. "Mke mwenza ni wewe mwenyewe. Malizaneni, mimi nina midomo inanisubiri."

Mtu angetegemea Sirisi acheke, aombe radhi, yaishe. Lakini alipobaki na mumewe wivu ulimpanda upya, mkali kuliko wa mwanzo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unaijua. Ni yako."

"Ilikuwa yangu. Mbona hukuiosha? Na bega langu je?"

Dokoro aliliegemeza taya la kushoto ukutani. Kisha akasema:

"Ulipolala waliniambia wengine hawaamki. Nilibaki na hicho kidogo cha kwako tayani. Hata Mweruzi akinilisha nilimwambia apite upande wa kulia. Halafu ukaja. Hatua zako, maneno yako, vyote vyako. Ukinikaribia, mgeni. Kila nikitaka kula kwako naona namsaliti."

"Unamsaliti nani?"

"Wewe."

"Kwa hiyo nyumba ndogo ni mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Angekuwa mwingine ningemfuata huko huko aliko. Huyu nimfuate wapi?" Alijipapasa bega. Lilikuwa likikakamaa. "Sikulazimishi, Dokoro. Kama unamtaka yeye, kaa naye. Mimi nakwenda chini kulea watoto. Ila ujue hatakulisha. Hana mdomo."

Akaondoka. Dokoro hakuweza kumfuata, kwa sababu askari haachi lango hata dunia ikiporomoka. Sirisi alishapita bustani, ameshika njia ya kushuka kwa Malkia, ukuta ulipotetema chini ya miguu yake.

"RUDI."

Aligonga kwa hasira: "ARUDI NANI?"

Kichuguu kizima kilikuwa kimetega miguu ukutani.

"WEWE. HUYU MWENYE WIVU."

Mahali fulani Titiri alicheka mpaka akapaliwa. Sirisi alisimama, akajiambia hatarudi, akarudi mbio.

"Harufu wameibadilisha," Dokoro alimwambia alipofika, "lakini huo wivu wameuacha kama ulivyo. Nimekusikia ukigombana na kichuguu kizima, nikasema huyu namjua. Nisamehe. Nilikuwa nakutafuta kwa pua."

Akalisugua taya la kushoto kwenye mchanga wa ukuta. Alisugua kwa nguvu, na Sirisi aliusikia mkwaruzo ule mwilini mwake. Alitaka yule mwanamke atoke, na alipokuwa akitoka akamhurumia, akajikuta analia kama mfiwa. Kisha paji la Dokoro likamgusa begani, utomvu wa baridi ukatambaa juu ya mahali padogo palipobaki laini.

"Fungua mdomo," Sirisi alisema.

Dokoro alifungua. Alikula kama askari aliyetoka vitani, na Sirisi alimpa chakula chote alichokuwa nacho tumboni. Walipomaliza walibaki wameegemeana, papasi juu ya papasi.

"Nitajivua tena," Sirisi alisema.

"Najua."

"Atakuja mwingine, na hii niliyo nayo sasa hatakuwa nayo."

"Nitamjua. Atakuja na ugomvi."

Sirisi alimwaza huyo atakayekuja, na gamba lake laini, akilishwa kiapo mahali hapa hapa, kwenye bega hili hili.

"Usimzoee haraka," alisema.