Bata wa Neema

Rafiki yangu Aminiel, fundi wa kuchomelea pale Same, aliitwa kurekebisha bembea ya kuzunguka yenye viti vya wanyama vinavyoning'inia kwa minyororo, ileile aliyozoea kumpandisha marehemu bintiye, Neema.

"Fundi, hii ni kona ya mbuga ya Mkomazi," mwenye uwanja wa michezo ya watoto, Mama Shamsa, alimwambia. "Tembo sawa, faru sawa. Bata wa nini mbugani?"

"Neema wangu alikuwa hapandi mwingine, mama."

"Pole, baba. Lakini mfungue."

Akamfungua bata, minyororo yake miwili ikaning'inia mitupu. Magharibi akaiwasha bembea kuijaribu, mara umeme ukakatika. Gizani akasikia mnyororo ukilia kwii, kwii. Akamulika kwa simu. Wanyama wote walikuwa wametulia. Ile minyororo mitupu ilikuwa imeachana upana wa bata, kana kwamba bado imembeba mtu, inabembea taratibu.