Nilimfungia Mjukuu Wangu Dirisha la Ndoa

Hivi wanangu, kuna aliyewahi kupiga simu ili mjukuu wake mwenyewe afukuzwe?

Mimi nilipiga!

Nilikuwa jikoni kwangu, hapa Alabama, nakanda unga wa pai. Rayford, mjukuu niliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa ametoka kuniambia kesho anaenda ofisi ya kaunti na Desmond wake, kuchukua kibali cha ndoa.

Hakimu wa serikali kuu, ile ya Washington, alikuwa ameamuru wanaume wawili waruhusiwe kuoana. Hakimu mkuu wa jimbo akasema thubutu! Kaunti zisimsikilize.

Rayford alipotoka tu… nikanyanyua simu, unga mpaka kwenye viwiko. Hakimu wa kaunti yetu, msimamizi wa vibali vya ndoa, nasali naye kanisa moja.

"Wanakuja asubuhi," nikamwambia. "Jimbo letu, sheria zetu. Washington isituingilie!"

"Ahsante dada Ludie. Niachie mimi."

Asubuhi dirisha la vibali likafungwa. Kwa WOTE!

Maana angewanyima wale wawili peke yao, serikali kuu ingemwandama. Akaona bora asimpe kibali mtu yeyote.

Hilo sikuliwaza, jamani… Nyuma ya Rayford kwenye foleni alikuwa Mzee Hosea, mchumba wangu, na suti yake ya kahawia aliyoipiga pasi mwenyewe. Harusi yetu Jumamosi!

Mchana gari likapiga honi nje. Desmond kwenye usukani, Rayford ananifungulia mlango.

"Bibi, panda. Kaunti ya jirani wanatoa. Mzee Hosea yuko nyuma, amekuwekea nafasi."

"Na… nyinyi?"

"Na sisi. Au unaogopa tutakuambukiza pete?"

Desmond akacheka. Mimi nikakaa nyuma na pai yangu mapajani.

Njiani Hosea hakunyamaza.

"Wamefunga kwa wote! Ludie, si ndiyo ile ya bustani?"

Nilikumbuka. Nikiwa msichana, mahakama ya serikali kuu iliamuru sisi weusi tuingie bustani za mji. Wakubwa wakasema jimbo letu, sheria zetu… wakafunga bustani zote. Watoto wa kizungu nao wakabaki kuchungulia uzioni.

Maneno yaleyale! Yametoka mdomoni kwangu!

"Mbona unatoka jasho, Bibi?" Rayford akauliza. "Niwashe feni?"

Upole wake ulinichoma kuliko tusi.

Tukafika. Dirisha wazi. Karani akauliza, "Nani anaanza?"

Rayford akasogea pembeni. "Bibi yangu kwanza."

Nikashindwa kujizuia.

"Rayford… ni mimi. Mimi ndiye niliyepiga simu!"

"Ludie!" Hosea kofia ikamtoka mkononi.

Rayford hakushtuka hata kidogo.

"Najua, Bibi."

"Unajua?!"

"Karani wa kaunti yetu alininong'oneza kabla sijatoka pale ofisini."

Wanangu, ukimfungia mwenzio haki, wewe na uwapendao mnabaki naye nje. Mimi nimejifunza hivyo mbele ya watu, na aibu yake bado ninayo.

"Sasa kwa nini umenileta?" nikalia. "Ungeniacha nikae na pai yangu!"

Rayford akatazama chini. Desmond akamgusa bega.

"Mwambie, bwana."

"Mama hayupo, Bibi. Nilitaka siku ninayooa awepo mtu mmoja wa kwetu… Nilitaka uwe wewe."