Sanduku Lililotaka Kubebwa

Chumba kilinuka udongo uliolowa. Murielle alisimama mlangoni na mfuko wake wa saluni, akanusa tena. Nje ilikuwa baridi kavu. La Rochelle, mtaa wao huku ugenini, haikuwa imeona mvua kwa muda mrefu.

“Ni nini inanuka vile?”

Mumewe Ruphin, fundi wa kompyuta, hakugeuka. “Hakuna kitu inanuka.”

Mezani mbele yake ilikaa mashine aliyoinunua sokoni Newtown: kompyuta ya miaka ya themanini, mojawapo ya zile za kwanza kutengenezwa ili mtu asafiri nazo. Ilifungwa kama sanduku la cherehani, ina mpini, na ndani kioo kidogo kama kiganja kati ya matundu mawili ya diski. Wakubwa walipanda nayo ndege, Ruphin alimweleza siku aliyoileta. Halafu zikaja nyembamba, nayo ikasahauliwa gerejini. Alieleza huku macho yamevimba, kwa maana mama yake alikuwa amezikwa Bukavu wiki hiyo, naye hakuwa na karatasi za kusafiri.

Tangu aiwashe, hakulia tena. Mwanzoni Murielle alimshukuru Mungu. Kisha akaona kwamba hacheki pia, wala hali asipoambiwa kula. Ukimshika bega ni kama umeshika ukuta.

Jumamosi mchana alisikia mashine ikikwaruza, krr, krr, akaingia na kukuta waya wa umeme umelala sakafuni, haukuchomekwa popote, na kioo kinawaka kijani, na Ruphin amefumbata chuma cha kulehemu kilicho moto, kiganja kinatoa moshi, naye anakitazama kioo bila kukunja uso, na kutoka ndani ya sanduku kunasikika kilio cha mwanamume, chini chini, kilio ambacho Murielle alikijua vizuri, kwa kuwa ndicho alicholia Ruphin siku simu ilipopigwa kutoka Bukavu.

Mchungaji wao alikemea mpaka sauti ikamkauka. Ndipo jirani akamleta Mwalimu Luqman, mtu wa Tanga, na chetezo chake cha ubani.

“Usimwite jina,” Luqman alinong'ona. “Anayekaa hapo siye mumeo.” Akaigeukia mashine. “Wataka nini?”

Midomo ya Ruphin ikafunguka. Sauti haikuwa yake. “Niliingia humu kwa kuwa sanduku lilibebwa. Nikaona miji. Kisha wakanifungia gizani. Nataka kubebwa.”

“Ukibebwa, utamwachia huyu?”

“Nitamrudishia machozi yake.”

Luqman akatikisa kichwa. “Dada, usikubali. Jini hapewi mkono.”

Murielle aliutazama mkono wa mumewe uliofungwa bendeji. Akawaza wanunuzi wa vyuma chakavu kule mjini: ataibeba mpaka pale, basi. “Nitaibeba mimi,” alisema.

Kioo kikazimika. Ruphin akaanguka sakafuni, akapiga ukelele, “Mama! Mama yangu!” na machozi yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Murielle alitaka kuinama amkumbatie. Lakini mashine ilikuwa tayari mkononi mwake, imefungwa, na hakukumbuka kuifunga.

Alitembea mpaka mjini. Ezéchiel, Mkongomani mwenzao anayenunua vyuma, alimwonyesha mizani. “Weka pale, maman.”

Vidole havikufunguka. Murielle alivitazama kama vya mtu mwingine.

“Maman? Uko sharp? Uko salama?”

Alitoka, akavuka kwenye robot, taa za barabarani, pamoja na umati. Simu ikalia, akaipokea kwa mkono wa kushoto.

“Murielle, uko wapi?” Ruphin alikuwa bado analia. “Rudi nyumbani. Nakuomba, rudi.”

Alijua kwamba maneno hayo humgusa mke moyo. Alingoja yamguse.

“Niko nakuya,” alisema, na kuendelea kutembea kuelekea kwenye stesheni ya mabasi ya safari za mbali. Mzigo haukuwa mzito hata kidogo.