Mutoto Hasikii

Kila asubuhi Nshobole alimwogesha binti yake Bénita uani, juu ya mawe meusi ya volkano. Alimpa chai na mkate, kisha wakatembea pamoja mpaka shule ya watoto wadogo. Walikaa katika kartiye, yaani mtaa, ya Mapendo, mjini Goma. Baada ya kumwacha mtoto shuleni, Nshobole alikwenda sokoni kuuza samaki wadogo, sambaza. Mume wake, Birindwa, alikuwa karani kwenye depo ya sementi.

Bénita alikuwa na miaka minne. Aliongea maneno machache. Alipenda kucheza peke yake. Mtu akimshika kwa ghafla, alipiga, au aliuma.

Siku moja mchana, mkubwa wa shule alimngoja Nshobole mlangoni. Pembeni yake alisimama Madame Élodie, mwalimu wa Bénita.

“Mama Bénita, leo amemuuma mwenzake mpaka damu,” alisema mkubwa wa shule. “Wazazi wanalalamika. Tunamwambia aketi, haketi. Tunamwita, hageuki. Mutoto huyu hasikii. Kesho usimulete tena.”

“Mupe nafasi ingine, mama. Ile shule ya kwanza pia ilimufukuza. Nitamupeleka wapi?”

“Pole, mama. Niko na watoto wengi wa kulinda.”

Madame Élodie alitazama chini.

Kesho yake Nshobole alikwenda na Bénita sokoni. Alipokuwa anampimia mteja sambaza, mtoto aliingia barabarani. Pikipiki ilikuja nyuma yake ikipiga honi. Bénita hakusogea. Dereva alifunga breki, akaanguka na pikipiki yake kando ya mtoto.

“Funza mutoto wako!” alipiga kelele dereva. “Hasikii hata honi?”

Nshobole alirudi nyumbani amembeba mtoto. Jioni alimweleza mume wake yote. Birindwa alikuwa amechoka, na maneno yale yalimkasirisha. Alisimama mlangoni akaita:

“Bénita! Kuja hapa!”

Mtoto alikuwa amechuchumaa uani, amewapa mgongo. Aliendelea kuchezea vijiwe.

“Bénita!”

Hakugeuka. Birindwa alimwendea, akamgeuza, akampiga kofi la nguvu upande wa kushoto wa uso. Bénita alilia kilio ambacho wazazi wake walikuwa hawajawahi kukisikia. Alishika sikio. Katikati ya vidole vyake vilitoka usaha na damu.

Mukamurenzi, jirani yao, alikuja mbio. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, mama mpole kutoka Rutshuru. Alimpakata mtoto, akaangalia masikio yote mawili.

“Usaha huu umeanza lini?”

“Zamani,” alijibu Nshobole. “Tangu alipougua homa moja kali. Unatoka, unakauka, unarudi. Mama mukwe aliniambia niweke mafuta ya moto kidogo, halafu nizibe na pamba.”

Mukamurenzi alimngoja Bénita atulie. Kisha alisimama nyuma yake, akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Mtoto hakugeuka. Akagonga sufuria kwa kijiko. Hakugeuka. Akagonga kwa nguvu, karibu. Hapo Bénita aligeuza kichwa, taratibu, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

“Papa Bénita,” alisema Mukamurenzi, “mutoto wako si mukaidi. Masikio yake yanaugua. Munamwita, hasikii. Mutu akimushika kwa nyuma, anashituka. Hajui ni nani, hajui anataka nini. Hana maneno ya kusema. Ndiyo maana anauma.”

Birindwa aliketi chini, juu ya jiwe.

“Nilikuwa ninamupiga kwa sababu hasikii,” alisema.

Nshobole alimchukua mtoto mapajani.

“Usimupige tena, na zaidi kwenye sikio,” alisema Mukamurenzi baadaye. “Kofi linaweza kupasua ngozi ya ndani, ile inayotusaidia kusikia. Na wewe mama, usitie mafuta wala maji ya majani. Usizibe na pamba, usaha unafungiwa ndani. Ukimwogesha, maji yasiingie. Kesho asubuhi tunakwenda kituoni. Usaha ukitoka sikioni, hatungoji ukauke wenyewe.”

Kituoni tabibu alimpa Bénita dawa ya matone. Alimfundisha Nshobole kusokota kitambaa safi, kukausha sikio polepole, na kukitupa kikilowa, kabla ya kutia matone. Baadaye aliwatuma hospitali kubwa kumwona daktari wa masikio.

Matibabu yalichukua muda mrefu. Sikio la kulia lilikauka na kuanza kusikia. La kushoto lilikauka pia, lakini halikusikia. Birindwa aliuliza kama ni kwa sababu ya kofi lake.

“Pengine ni usaha wa siku nyingi,” alijibu daktari. “Pengine ni kofi. Pengine vyote viwili. Siwezi kukuambia.”

Birindwa alitoka nje, akasimama kando ya ukuta mpaka Nshobole alipomfuata.

Wote wawili walirudi shuleni wakaeleza. Mkubwa wa shule alitikisa kichwa.

“Na akiuma tena, nitawaambia nini wazazi?”

Madame Élodie ndiye aliyejibu:

“Nitamuweka mbele, karibu na mimi. Hatukujua, mama. Tulimutoa kabla ya kuuliza.”

Mkubwa wa shule alimtazama mwalimu. “Basi tujaribu. Asubuhi tu.”

Tangu hapo Bénita aliketi mbele, sikio lake la kulia upande wa mwalimu. Madame Élodie alimtazama usoni kabla ya kusema naye. Aliwafundisha watoto wengine wasimvute kwa nyuma, bali waje mbele yake, wamwonyeshe kwa mkono. Juma la kwanza Bénita alipiga mtoto mara moja. Baadaye aliacha. Maneno yalianza kuja, moja moja, na mengine yalikuja yamepinda. Wazazi wengine waliendelea kuomba watoto wao waketishwe mbali naye.

Siku moja alirudi nyumbani akicheka peke yake.

“Kuna nini?” aliuliza Nshobole.

“Igihozo ameniambia siri,” alisema Bénita. Igihozo alikuwa msichana mpya darasani.

“Siri gani?”

“Apana! Ni siri!”

Nshobole alicheka mpaka akafuta machozi. Birindwa alipiga magoti mbele ya mtoto.

“Alikuambia kwenye sikio gani?”

“Hili,” alisema Bénita, akagusa la kulia.

Birindwa alilibusu sikio lile. Kisha, taratibu, aliweka kiganja chake juu ya lile la kushoto, akakiacha pale.