Abiria wa Asubuhi

Chuma cha kiti kilikuwa kimeshuka.

Mke wa Breki ndiye aliyekiona kwanza. Alirudi kutoka dukani mchana, akaita mlangoni kama kawaida yake, "Mmo?" na binti yake akamjibu kutoka jikoni, "Tumo, mama." Akaweka mfuko mezani, akakitazama kile kiti kilichokaa kati ya dirisha na televisheni.

"Kidoti, nani amekifunga hiki?"

"Mimi sijakigusa. Hata kufagia chini yake sifagii."

"Baba yako, basi."

"Baba yuko kazini tangu asubuhi."

Kilikuwa kiti cha watu wawili, kutoka behewa la mbele la treni ya burudani, ile inayovutwa na mnyororo hadi juu ya kilima cha vyuma, kisha inaachiwa ijitupe upande wa pili huku watu wakipiga mayowe. Treni hiyo ilikuwa imezeeka kuliko wengi walioipanda, na wafanyakazi wa bustani ya michezo waliiita Kikongwe. Uongozi ulipoamua kuing'oa na kuagiza mpya, wafanyakazi wakaibatiza hiyo mpya Bi Harusi kabla haijatoka kwenye makontena. Breki alikuwa ameiendesha Kikongwe tangu ujana wake, na jina lake lilitokana na mkono wa breki aliokuwa akiushika kutwa. Walipoambiwa kila mtu achukue kumbukumbu, wenzake walichukua vibao na kofia. Yeye alichukua kiti.

"Wanaume wengine huletewa saa ya ukutani," mkewe alisema siku kilipoingizwa. "Wewe umeniletea mke mwenza."

Mbele ya kiti kulikuwa na chuma cha mapajani. Zamani kikishushwa kilijifunga jino baada ya jino, klak, klak, na hakikufunguka mpaka mwendeshaji akanyage pedali iliyokuwa jukwaani, pale abiria walipopandia. Pedali ilikwenda na chuma chakavu. Breki mwenyewe alikuwa ameyatoa meno kwa bisibisi kabla ya kukileta nyumbani. Jioni hiyo alikiinua chuma kwa kidole kimoja.

"Kimeteleza tu," alisema. "Kizee kinateleza."

Kesho yake kilikuwa kimeshuka tena. Sebule ilianza kunuka grisi na vumbi la breki lililoungua, harufu ambayo mkewe alikuwa akiifua kwenye mashati yake miaka yote, ila sasa ilikuwa kwenye mapazia. Dari nayo ikaanza kulia, polepole, mlio wa kitu kizito kinachovutwa kupanda. Wakiitazama, inanyamaza.

Breki hakuwaambia kwamba siku moja, wakiwa mezani, alitaka kusimama akashindwa. Alikuwa amekalia kiti cha plastiki cha kawaida. Kitu kilikuwa kimemlalia mapajani, baridi na kigumu, na kiliondoka pale tu mkewe alipomgusa bega na kumuuliza mbona hali chakula.

Alikwenda kumtafuta Mnyororo.

Mnyororo alikuwa mtu wa injini. Kazi yake yote aliifanyia ndani ya kibanda nyuma ya kilima, mahali asipoweza kuliona jukwaa, kwa hiyo yeye na Breki walifanya kazi kwa masikio. Breki aliwafunga abiria, akaita, "Mmo?" Abiria wakapiga kelele, "Tumo!" Mnyororo aliposikia hilo alijibu kutoka kibandani, "Haya, navuta!" na treni ikaanza kupanda. Hata asubuhi, kabla ya kufungua lango, treni ilipojaribiwa tupu, Breki aliita hivyo hivyo kisha akajijibu mwenyewe. Bila kusikia "Tumo", Mnyororo hakuvuta. Ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia.

Alimkuta amekaa juu ya rundo la vyuma vya Kikongwe, akiangalia mafundi wakisimika nguzo za Bi Harusi.

"Kompyuta, kaka," Mnyororo alisema. "Huyu bibiye hataki mnyororo wangu wala mdomo wako. Tutabaki kufagia tiketi."

"Ulikuwa unanisikia vizuri kule kibandani?"

"Kama redio."

"Hata asubuhi?"

Mnyororo akacheka. "Asubuhi ndiyo ulikuwa unanifurahisha. Ulijifunzia wapi kujibu kwa sauti nyingi vile? Kama kwaya."

"Sauti nyingi?"

"Acha utani. 'Tumo!' Wanaume, wanawake. Nikasema huyu jamaa angekuwa msanii, kazi hii inampotezea wakati."

Breki hakucheka. Alikumbuka watoto, si wengi lakini kila mwaka walikuwepo, waliokaa kwenye behewa la mbele kisha wakageuka kumwambia mama, hapa kuna mtu, nimemkalia. Aliwaambia ni joto la jua kwenye ngozi ya kiti.

Simu yake ikaita. Mkewe alikuwa akinong'ona.

"Njoo nyumbani."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Mwanao amekaa."

Kidoti alifundisha chekechea na hakuwa mtu wa kuogopa vitu. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti ili afunge kamba za viatu, kwa sababu viti vingine vilikuwa na nguo za kupiga pasi, na chuma kikashuka. Breki alipofika alimkuta amenyooka, mikono juu ya chuma, akipumua kwa vipande.

"Baba, kinabana."

"Tulia, mwanangu. Hakina meno hicho."

Klak.

"Nikitoa pumzi kinashuka," Kidoti alinong'ona. "Kinasubiri nitoe pumzi."

Breki alivuta kwa mikono miwili, akavuta kwa nondo aliyoipata uani, na nondo ikapinda. Fundi wa kuchomelea wa jirani alikuja na msumeno wake wa umeme. Kisahani cha kwanza kikavunjika, cha pili kikavunjika, na kwenye chuma hapakubaki hata mkwaruzo. Fundi akazima mashine, akasema anakwenda kuleta visahani vingine. Hakurudi.

Shangazi wa mke wa Breki alikuwa ameshaitwa. Alikuwa mkunga mstaafu, na watu walimwita kwa mambo mawili, mtoto akigoma kutoka na jini akigoma kutoka. Aliingia bila kubisha hodi, akainama kumsikiliza Kidoti kifuani, kisha akakinusa kiti.

"Hawa ni wengi," alisema kwa sauti ya chini. "Na wamechoka. Mume wa mwanangu, hawa wewe uliwapandisha. Uliwaambia neno gani?"

Breki akamweleza la asubuhi, jinsi alivyoita na kujijibu mwenyewe.

"Na wakirudi?"

"Nani?"

"Hao wa asubuhi. Abiria wako wa kawaida uliwaambia nini wakirudi?"

"Nilikanyaga pedali nikawaambia, 'Shukeni.'"

"Na wa asubuhi?"

"Hao sikuwaambia kitu," Breki alisema. Asubuhi treni ikirudi tupu alikwenda kunywa chai. Akirudi kwenye pedali, foleni ilikuwa tayari, na neno alilosema lilikuwa "Pandeni." Kila siku ya kazi aliwaita waingie, akawajibia, akawafunga, na hakuwahi hata mara moja kuwaambia washuke.

"Basi hawa ni wafungwa wako," shangazi alisema. "Lakini usiwafungulie hapa. Anayeshushwa hubaki mahali aliposhushwa. Kibebeni kiti na mtoto humo humo, mkirudishe kwao, mkaliseme neno huko."

Majirani walikuja, wanaume wenye migongo ya kubeba magunia, wakakishika kiti kila upande, na kiti ambacho siku ya kwanza Breki na mwenzake walikiingiza wakipiga soga hakikunyanyuka hata kidogo, kikakaa sakafuni kana kwamba treni nzima imejaa na iko nyuma yake, na kila walipokivuta dari ililia na harufu ya kuungua ikazidi na Kidoti akatoa pumzi kwa sababu binadamu hawezi kukaa nayo, klak, na midomo yake ikaanza kubadilika rangi, na mama yake akawa anamshika kichwa akimwambia usitoe, mama, usitoe, bana hapo hapo, na Kidoti akamtazama baba yake moja kwa moja kwa macho ya mtu ambaye pumzi ijayo ndiyo ya mwisho.

"Bado," shangazi alisema. "Vuteni tena."

Breki alipiga mguu chini, pale ambapo pedali ingekuwa.

"Shukeni!"

Chuma kikanyanyuka. Kidoti akaangukia mikononi mwa mama yake. Kisha wote waliokuwa pale walisikia miguu. Ilishuka kutoka kwenye kiti kimoja, bila haraka, mizito na myepesi, ikawapita huku mapazia yakisukumwa, ikaingia jikoni, ikaingia vyumbani, na ilichukua muda mrefu kwisha. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Hakuna mguu hata mmoja uliotokea huko.

Shangazi alikaa chini kama mtu aliyefika amechelewa.

"Mtoto umempata," alisema. "Lakini kituo chao sasa ni hapa. Hameni. Na mpaka mtakapotoka, mtu akiita mlangoni, asijibu yeyote. Lile jibu la 'Tumo' lisisikike tena ndani ya nyumba hii."

Walipanga kuhama mwisho wa wiki. Walizoea kunyamaza. Mke wa Breki alirudi kutoka dukani akiuma midomo. Kiti walikitupa dampo, na nyumba ikakaa kimya hivi kwamba Kidoti alianza tena kucheka, kidogo kidogo, akimtania baba yake kwamba heri angechukua kofia kama wenzake.

Asubuhi ya kuhama jua lilikuwa limejaa sebuleni. Maboksi yalikuwa yamefungwa kwa kamba, na wao watatu wamekaa juu yake wakimalizia chai wakisubiri gari. Breki alikuwa ameazima pikapu ya bustani. Hakuwa ameuliza nani angeiendesha.

Ikapiga honi nje. Mlango wa gari ukafungwa. Viatu vikapanda ngazi za barazani, na sauti aliyoisikia kutoka nyuma ya kilima ujana wake wote ikaita kwa utani, ikimwiga yeye:

"Mmo?"

Breki aliweka kiganja mdomoni mwa mkewe. Kidoti alikuwa ameshauziba wake kwa mikono miwili. Hakuna aliyepumua.

"Tumo!" ilijibu nyumba, kutoka jikoni, kutoka vyumbani, wanaume na wanawake, kama kwaya.

Komeo la mlango likajisukuma. Klak. La dirisha nalo. Klak. Kitu baridi kikawalalia mapajani wote watatu kwa pamoja.

Nje, Mnyororo alicheka kwa furaha ya kuisikia tena ile kwaya, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Haya, navuta!"

Ndani ya kikombe cha Breki, chai ikaanza kuegemea upande mmoja.